Miguu Minne ya Nyuma

4 Februari

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila goti la Mama limerudia ukaidi wake, na masikio ndiyo yamekata shauri kutosikia kabisa. Anaongea kama anamwita mtu ng'ambo ya barabara. Juzi tukiwa kwenye foleni ya benki alininong'oneza kwamba bibi aliyekuwa mbele yetu amevaa wigi kinyumenyume, na foleni nzima ikageuka kumtazama huyo bibi. Anakuulizia kila siku. Anasema umekonda, ingawa hajakuona tangu mwaka juzi na picha hututumii.

Shemeji yako anakusalimu sana.

Dada, nina habari. Shemeji yako amepata buibui. Si wa darini, maana hao hajawahi kuwaona hata mimi nikiwafagia mbele yake. Huyu ni wa ndani ya jiwe. Jiwe lenyewe lililetwa kutoka machimbo ya mawe ya sakafu, na mnyama aliyelala humo ni mkubwa kama kiganja. Shemeji yako anasema hajawahi kuonekana buibui wa kale mwenye ukubwa huo. Ameshamwandikia makala, na jina alilompa ni langu. Kwa hiyo mdogo wako ameingia kwenye sayansi bila kufanya mtihani.

Makumbusho watafungua ukumbi mpya mwezi wa Juni, na buibui atakaa katikati kwenye kabati la kioo lenye taa yake peke yake. Mambo yakienda vizuri, shemeji yako atakuwa mkurugenzi. Kilichobaki ni barua ya mtaalamu wa nje, athibitishe kwamba buibui ni buibui. Bodi wamekutaja wewe. Wanajua sisi ni ndugu na wanaona ndiyo vizuri, hutachelewa kujibu.

Mimi bado niko karakana ileile, nachora na kuziba vitu vya maonyesho. Brashi mbili za baba bado zinafanya kazi.

Naomba uandike kurasa mbili nzuri, Dada. Hujawahi kuninyima kitu, ukiacha ile sketi ya bluu. Picha na makala vimo ndani ya bahasha.

Ni mimi,
mdogo wako


19 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Barua imefika, na bahasha ilikuwa na gundi ya kutosha kuunganisha kiti. Watu wenu wa posta wana bidii. Mwambie Mama sijakonda, nimenenepa, na goti alikande kwa maji ya moto badala ya kulisimulia kwa majirani. Mimi mzima. Chumba changu bado ni kilekile cha chini ya ngazi, na mwenzangu, mtaalamu wa majani yaliyokufa, bado anakula karanga juu ya hadubini yangu. Maganda yake nimeshayachunguza mara mbili nikidhani nimevumbua kitu.

Sasa tuje kwa Mheshimiwa mumeo na huyo wajina wako.

Nimeitazama picha nikiwa nimesimama, kisha nikaketi, kwa sababu kicheko cha kusimama kinaumiza kiuno. Na tuanzie hapohapo kwenye kiuno. Mwili wa buibui ni vipande viwili, na katikati pana kiuno chembamba sana. Kiuno hicho ndicho kinachomwezesha kuzungusha tumbo na kuelekeza uzi atakako. Huyu wako ana kiuno cha gunia la mkaa. Tumbo lake limekatika pingili pingili, moja ikilalia nyingine, mpaka nyuma kabisa. Mheshimiwa asiniambie kwamba buibui wa kale walikuwa na vibamba mgongoni. Najua, nimevipima kabla yeye hajajifunza kuvaa tai. Vibamba hivyo ni vya mgongoni tu, havizunguki tumbo zima.

Halafu macho. Macho ya buibui yamekaa kwenye paji la uso, yametulia. Haya yamesimama juu ya vijiti. Buibui gani ana macho ya vijiti? Na zile nyuzi mbili ndefu kichwani, ambazo kwenye makala ameziita "vipapasio vilivyorefuka kupita kiasi", mimi naziita ndevu, na mnyama mwenye ndevu hizo niliwahi kumla na ndimu.

Miguu ni minane, sikatai. Mheshimiwa alihesabu mpaka nane, akaridhika, akaenda kunywa chai. Lakini mguu wa buibui una goti, pingili fupi kati ya paja na ugoko, na ukikuta goti hilo unajua uko kwenye ukoo gani. Miguu minne ya mbele ya mnyama wako haina goti. Minne ya nyuma inalo, tena zuri, kama limetoka kitabuni. Mnyama gani anazaliwa na magoti nusu?

Nikuambie buibui wa kweli anafananaje. Ninaye mmoja hapa, ndani ya kaharabu, utomvu wa mti uliogeuka jiwe, mdogo kama punje ya dengu. Hakuna ukumbi utakaomfungulia mlango. Vipapasio vyake, vile vimikono vya kando ya mdomo, vimevimba nchani, kwa hiyo ni dume na alikuwa ameshafikia umri wa kutafuta mke. Chini ya tumbo ana chuchu za uzi, na kwenye ncha zake nimeona vijineli vya kutolea uzi, vimesimama mpaka leo. Na nyuma ana mkia. Mkia, mdogo wangu, mrefu kuliko mwili, kama uzi wenye nywele. Buibui wa leo hana mkia. Huyu anatuambia kwamba ukoo ulijifunza kutoa uzi kabla haujaacha mkia, na huenda kabla haujajua kutega hata nzi mmoja. Uzi ulianza kama blanketi ya mayai na zulia la shimoni. Hayo yote yamo kwenye punje ya dengu, na huhitaji kubuni neno.

Wa kwako nimlilie nini? Kama Mheshimiwa anataka barua yangu, anitumie jiwe lenyewe. Au alimulike kwa taa ya urujuani, ile ambayo rangi ya dukani inang'aa chini yake na jiwe linabaki jiwe, anitumie picha.

Na sketi ile ilikuwa yangu.

Dada yako


27 Machi

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi wazima. Mama anasema maji ya moto yamesaidia.

Samahani kwa kuchelewa. Shemeji yako alisoma maneno yako, akasikitika. Anasema jiwe haliwezi kusafiri, ni mali ya umma. Anasema taa ya urujuani imeungua na balbu yake haipatikani. Anasema pia nikukumbushe kwamba mtu aliyekaa na punje moja ya dengu miaka yote hiyo anaweza kusahau kwamba wanyama wengine wana ukubwa. Naandika kama alivyosema.

Anasema ukiiandikia bodi vibaya, mtu wa kwanza kuumia nitakuwa mimi. Tafadhali ulifikirie hilo.

Nakutumia picha nyingine. Hii nimeipiga mwenyewe, kwa mwanga wa asubuhi wa dirishani, ule ambao baba alipenda kukagulia kazi. Itazame taratibu. Wewe baba alikusifu kwa macho, mimi alinisifu kwa mkono.

Kazi zipo. Nimeambiwa nikae na jiwe tena kabla ya Juni kwa sababu kuna sehemu zinatakiwa kukolezwa kidogo. Bado sijaanza. Rangi niliyonayo ni nyepesi.

Shemeji yako anakusalimu.

Mdogo wako


8 Aprili

Mdogo wangu,

Sijambo. Mwenzangu wa majani ana mafua na ametupumzisha na karanga. Salamu zimeishia hapo, maana nimekasirika.

Nilikuandikia wewe, nikajibiwa na mumeo kwa mwandiko wako. "Shemeji yako anasema, shemeji yako anasema." Umekuwa karani wake lini? Wewe ndiye uliyemwambia mwalimu wa hesabu mbele ya darasa kwamba amekosea, ukafukuzwa, ukarudi na kitabu. Leo unanitumia vitisho vya mtu asiyejua kutofautisha buibui na kitoweo. Na wewe unajua! Umechora buibui wangapi kwa ajili ya vitabu vya shule? Ulikuwa unanipigia simu kuniuliza nywele za ugokoni zielekee wapi. Siku hizi simu yenu anapokea yeye, nami naikata.

Basi, sikia. Yule ni kamba wa mtoni. Kamba, mwenye ndevu na mkia wa pingili, aliyekufa kifudifudi bila kusumbua mtu. Na kuna mtu amemwongezea miguu kwa rangi. Bodi nitawaandikia hivyo hivyo, bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliyeipaka ana mkono mzuri, sikatai, lakini mkono mzuri wa mwongo ni mbaya kuliko mbovu wa mkweli, na nikimjua nitamtaja. Jaribu kumfikishia mumeo hilo, yeye si anapenda ujumbe?

Nimeacha kuandika kwa muda nikaitazama picha yako ya pili kwa lenzi, nipate maneno makali zaidi.

Nimerudi. Miguu minne ya nyuma si rangi moja na jiwe. Ni myepesi kidogo. Kidogo tu, sawasawa kwa yote minne, bila kupitiliza popote.

Barua hii naikatia hapa.

Dada yako


15 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu tele kwako, kwa Mama, na kwa namna ya pekee kwa shemeji yangu mheshimiwa sana. Barua yangu iliyopita niliiandika nikiwa na homa. Tafadhali mwombe shemeji anisamehe. Mtu mwenye macho kama yake hapaswi kubishana na mtu kama mimi.

Ripoti kwa bodi bado sijaituma. Jambo kubwa namna hii halitaki haraka, na nikiwa na haraka naweza kumtaja mtu asiyestahili.

Hapa mvua zimeanza na chumba cha chini ya ngazi kimeingiwa na maji. Nilipokuwa nikiinua maboksi nikakumbuka karakana ya baba na ile bakuli ya bluu, ya yule tajiri aliyetaka kuiuza kama nzima. Muulize Mama kama anaikumbuka. Alimwambia baba akoleze kiraka kisionekane, unakumbuka? Mimi nimesahau baba alifanya nini mbele yake. Uzee huo.

Niandikie ukipata nafasi. Hata mstari mmoja.

Dada yako akupendaye


20 Mei

Dada,

Sisi wazima. Shemeji yako amefurahi kwamba umepata adabu, maneno ni yake. Ukumbi unafunguliwa tarehe 14 Juni.

Mama anaikumbuka bakuli vizuri sana. Anasema maji yalikuwa ya uvuguvugu.

Mdogo wako


17 Juni

Dada yangu mpendwa,

Hii nimeipeleka posta mwenyewe. Zile nyingine zote alizipeleka yeye, na kabla ya kuzipeleka alizisoma, na zako alizifungua kwenye sanduku la barua la kazini kabla hazijafika mezani kwangu. Gundi uliyoicheka ni yake. Hata bahasha hajui kuifunga.

Mama yuko hapa na mimi, anakusalimu. Anasalimu kwa sauti hiyohiyo, kwa hiyo na wapangaji wa vyumba vya chini wanakusalimu. Tumepata vyumba viwili juu ya duka la fundi saa. Dirisha linatazama asubuhi.

Sasa nikueleze, maana umenitukana vya kutosha bila kujua unamtukana nani. "Mkono mzuri wa mwongo." Nilicheka nikiwa jikoni mpaka chai ikamwagika, kisha nikalia kidogo, kisha nikapangusa meza.

Jiwe lilipoletwa lilikuwa na miguu minne tu. Alinikabidhi akasema ni buibui, nimjazie iliyokosekana kwa ajili ya kabati la maonyesho, kama tunavyojaza masikio ya vyungu. Nilimwambia hapohapo: mbona kama kamba? Akanijibu, "Wewe chora." Nikachora. Nikaweka magoti ya buibui kwa sababu buibui ndiye aliyeagizwa, na rangi nikaifanya nyepesi kidogo kuliko jiwe, ili atakayetazama ajue palipoongezwa. Unajua hiyo ni sheria ya baba. Sikudanganya mtu. Nilimfanyia kazi ya maonyesho, safi.

Wiki mbili baadaye nikakuta ameliandikia jiwe makala. Amepima miguu yangu, Dada! Ameeleza goti langu kwa ukurasa mzima. Ameandika kwamba tofauti kati ya miguu ya mbele na ya nyuma ni "hatua ya katikati isiyojulikana hadi sasa." Jioni nikamwambia ile minne ya nyuma ni ya kwangu. Hakuinua uso kwenye sahani. Alisema, "Usichanganye mambo ya karakana na mambo ya ofisi." Ndipo nikanyamaza. Wala sikunyamaza kwa woga. Nilinyamaza kwa dharau, na niseme ukweli, nilifurahia. Kila jioni nilikaa mbele ya mtu aliyeshindwa kuona mkono wa mkewe kwenye jiwe alilolilalia na kuliamkia, halafu akalipa jiwe hilo jina langu akasubiri shukrani. Nikampa. Nilimpikia na keki.

Barua yako ya kwanza ndiyo iliyomzindua. Aliisoma, akashuka karakana, akasimama dirishani na lenzi muda mrefu. Nilimwona shingo ikibadilika rangi. Unadhani aliniomba radhi? Alisema, "Koleza ifanane." Nilipokataa akasema ripoti yako ikija na neno rangi, bodi watauliza brashi ni ya nani, na hawatamuuliza yeye. Kuanzia siku hiyo akawa anasimama nyuma ya kiti changu nikikuandikia. Nilikutumia picha ya dirishani nikijua yeye ataona buibui na wewe utaona rangi. Ulichelewa kidogo. Ulikuwa unashughulika na matusi.

Ufunguzi ulikuwa saa za asubuhi. Watu wa bodi, viti vyenye vitambaa, bendi ndogo, na Mama kwenye kiti cha mbele kwa sababu ya goti. Bwana alisimama kando ya kabati akapiga chuku kwa muda mrefu kuhusu familia, na jinsi mke ni nguzo ya mtu wa sayansi. Watu wakanipigia makofi. Nilikuwa nimevaa koti la karakana, aliniambia nibadilishe nikamwambia limekaa vizuri. Nikatoa ufunguo, nikafungua kioo, nikatoa mfukoni pamba na chupa ya spiriti. Baba alikifuta kiraka cha bakuli kwa maji ya uvuguvugu mbele ya yule tajiri, lakini rangi yangu inataka spiriti.

Nilianza na mguu wa nyuma wa kulia. Walidhani ni sehemu ya sherehe. Walipiga makofi, Dada! Mguu wa kwanza ukaondoka, wakapiga makofi. Wa pili ukaondoka, makofi yakapungua. Yeye alikuwa bado anatabasamu, kwa sababu mbele ya watu tabasamu lake huchelewa kutoka. Nikafuta wa tatu. Nikafuta wa nne. Pamba ilikuwa imegeuka kahawia hafifu, rangi yangu ileile, nzuri kabisa, nilijisikia vibaya kidogo kwa ajili yake.

Hapo Mama akainama mbele, akavaa miwani, akamnong'oneza mtu wa bodi aliyekaa karibu naye:

"Mbona ni kamba huyo?"

Ukumbi mzima ulimsikia, na bendi pia. Mpiga tarumbeta alikohoa ndani ya tarumbeta.

Mwenyekiti wa bodi akanigeukia, akauliza nani aliyepaka miguu ile. Nikasema ni mimi, kwa kazi ya maonyesho, kwa rangi nyepesi ya kuonekana, kama nilivyofundishwa. Kisha nikasema, "Nani aliyeipima, muulizeni yeye." Bwana alikuwa anafuta kioo cha kabati kwa kitambaa chake cha mfukoni, mahali pasipo na uchafu.

Tangu siku hiyo ananiandikia vijibarua na kuvipitisha chini ya mlango wetu. Anasema nimemvua nguo hadharani. Mimi nilifuta rangi tu. Kama nguo zake zote zilikuwa rangi yangu, hilo si kosa la pamba.

Sasa hakuna buibui mwenye jina langu, na nimelala vizuri usiku tatu mfululizo. Karakana sijui kama watanirudisha. Bodi wanakutana mwisho wa mwezi. Tuma ripoti yako sasa, yote, na neno rangi limo. Na usithubutu kunifariji kwa kunipa jina la yule dengu wako. Nimeshiba kuwa buibui.

Ni mimi,
mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Sijambo. Mwenzangu wa majani amepona, na karanga zimerudi. Nilimsomea barua yako yote kwa sauti. Nilipofika pale pa Mama na miwani yake, alisongwa na karanga nikalazimika kumpiga mgongoni, jambo nililolitamani kwa miaka mingi.

Mwambie Mama kwamba katika ukoo wetu mtaalamu ni yeye. Mimi nilihitaji barua mbili na lenzi.

Ripoti imekwenda kwa bodi. Nimeandika kwamba mnyama ni kamba wa mtoni, aliyehifadhika vizuri, na kwamba kazi ya kujaza ilifanywa na fundi anayeijua sheria ya kazi yake, na ilionekana wazi kwa kila mwenye macho. Nimepiga mstari chini ya maneno manne ya mwisho. Kuhusu aliyeandika makala sikusema kitu, kwa sababu nilipewa kurasa mbili tu na nilitaka kumzungumzia kamba.

Yule bwana aliniandikia pia. Anauliza kama inawezekana kumtazama kama kamba wa aina mpya. Nimemjibu kwamba hata hilo atahitaji kuhesabu.

Jina sikupi. Dengu wangu hana jina, na ataendelea kukaa hivyo mpaka nitakapoacha kumwonea wivu kwa utulivu wake. Lakini hana picha, na bila picha hakuna atakayenisadiki kuhusu mkia. Wachoraji wa hapa nimewajaribu watatu. Wa kwanza aliufupisha mkia kwa sababu karatasi iliisha. Wa pili aliufuta kwa sababu buibui hawana mkia. Wa tatu alimchorea utando, na nzi ndani yake.

Kwa hiyo nimemfunga kwenye pamba, pamba safi, ndani ya boksi la dawa, na nimemtuma kwa mkono wa mtu wa chuo anayekuja huko wiki ijayo. Atampeleka kwa fundi saa, apande ngazi akukabidhi wewe mwenyewe. Na lenzi yangu imo. Jiwe la umma haliwezi kusafiri, lakini dengu wangu anaweza, kwako.

Mweke dirishani asubuhi. Nywele za mkiani zinaelekea nyuma, zote. Usinipigie simu kuniuliza. Au nipigie, maana sasa utapokea wewe.

Mguu wa nne wa kushoto haupo. Ulikatika kabla utomvu haujamfunika. Uache hivyohivyo.

Dada yako